Kaburi Chini ya Msalaba: Utunzi na Taashira katika Utatu Mtakatifu wa Masaccio

Utangulizi

Katika kanisa la Santa Maria Novella, mjini Florence, Italia, upo mchoro wa ukutani ambao kwa muda mrefu umetolewa hukumu mbili zisizopatana. Kundi moja la wahakiki limeusifu kama ushindi wa hesabu: hapa, wasema, ndipo mchoraji wa Ulaya alipojua kwa mara ya kwanza kuufanya ukuta mtupu uonekane kama chumba chenye kina. Kundi la pili limeusoma kama somo la dini lililoandikwa kwa rangi, likatoa orodha ya ishara zake moja baada ya moja: msalaba ni wokovu, njiwa ni Roho, nyekundu ni hili na samawati ni lile. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hukumu hizi, licha ya kupingana kwake, zina upungufu wa aina moja, nao ni kuitenga fani na maudhui. Katika mchoro huu taashira iliyo kubwa kuliko zote ni mpangilio wenyewe, na mpangilio huo hauwezi kufahamika mpaka mhakiki aanze kuusoma kutoka chini, penye kaburi.

Mchoro huo, uitwao Utatu Mtakatifu, ulichorwa na Masaccio baina ya miaka ya 1425 na 1428. Aghalabu hutajwa mwaka wa 1427. Masaccio alizaliwa mwaka wa 1401 katika mji mdogo ulioko bonde la mto Arno, akafariki Roma mwaka wa 1428, kabla hajatimiza miaka thelathini. Kazi alizoziacha ni chache, na hii ni miongoni mwa zile za mwisho. Mbinu aliyoitumia ni ile ya fresko, yaani kutia rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, ili rangi ikauke pamoja na ukuta na kuwa sehemu yake. Mbinu hii haimpi fundi nafasi ya kusitasita. Kila siku hupakwa lipu ya kutosha kazi ya siku hiyo tu, na kosa lililokwisha kukauka haliondoki ila kwa kubomoa. Kwa hiyo yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba tunu na dosari za mchoro huu hazikutokea kwa bahati. Ulipangwa kabla haujaanzwa.

Maelezo ya mchoro

Mchoro una kimo cha zaidi ya mita 6 na upana wa zaidi ya mita 3. Umegawanyika katika sehemu mbili. Sehemu ya juu ni chumba cha ibada chenye dari ya mviringo mrefu, mfano wa pipa lililopasuliwa kati, iliyogawanywa katika miraba. Mlango wa chumba umepambwa kwa nguzo bapa mbili za mtindo wa Kirumi wa kale, na nyuma ya nguzo hizo kuna nyingine za mviringo zinazobeba tao. Ndani yake umesimama msalaba juu ya kilima kidogo cha mwamba, na juu ya msalaba yuko Kristo. Nyuma ya Kristo amesimama Mungu Baba, mikono yake ikiishikilia mbao ya msalaba. Baina ya kichwa cha Baba na kichwa cha Mwana kuna njiwa mweupe, ambaye mtazamaji wa haraka anaweza kumdhania kuwa ni ukosi wa vazi. Chini ya msalaba, kushotoni kwa mtazamaji, yuko Bikira Maria, na kuliani yuko Yohana. Nje ya chumba, mbele ya nguzo, wamepiga magoti watu wawili, mwanamume na mwanamke, waliochorwa kwa ubavu: hawa ndio wafadhili waliotoa fedha.

Sehemu ya chini inaonyesha mfano wa meza ya altare, na chini ya meza hiyo jeneza la mawe ambalo juu yake mmelazwa mifupa mitupu ya binadamu. Ukutani, juu ya mifupa hiyo, yako maandishi yanayomwambia apitaye kwamba mifupa hii ilikuwa zamani kama alivyo yeye leo, na kwamba kama ilivyo leo ndivyo naye atakavyokuwa.

Nusu iliyopotea

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, hapana budi kuitaja historia ya mchoro wenyewe, kwa kuwa historia hiyo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya kosa la wahakiki. Giorgio Vasari, katika kitabu chake cha maisha ya wasanii kilichotolewa mwaka wa 1550 na kutolewa tena mwaka wa 1568, aliusifu mchoro huu, hususa dari yake, akasema kuwa ilichorwa kwa ustadi hata ukuta ukaonekana kana kwamba umetobolewa. Lakini ni Vasari yuyo huyo ambaye, alipopewa kazi ya kulitengeneza upya kanisa hilo katika utawala wa Cosimo wa Kwanza, alijenga altare mpya mbele ya mchoro huo na kuweka picha yake mwenyewe mbele yake. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka wa 1570. Mchoro haukuvunjwa, bali ulifichwa, nao ulibaki gizani kwa muda wa karibu miaka mia tatu.

Mwaka wa 1860 sehemu ya juu iligunduliwa. Ilibanduliwa ukutani, ikahamishiwa kwenye ukuta mwingine wa kanisa, upande wa mlango mkuu. Sehemu ya chini, yenye mifupa, haikujulikana. Ilibaki nyuma ya altare hadi ilipogunduliwa katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1952 sehemu ya juu ikarudishwa mahali pake pa asili, juu ya nusu yake.

Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka tisini hivi wahakiki waliutazama mchoro usio na kaburi. Walichokiona ni chumba kizuri chenye vipimo sahihi, na ndani yake watakatifu waliotulia. Si ajabu basi kwamba walihitimisha kuwa Masaccio alishughulishwa na hesabu kuliko imani. Mtu anayepewa nusu ya pili tu ya kila mshororo anaweza kuvisifu vina vya mwisho, wala asijue kwamba vina vya kati vimepotea. Ajabu ni kwamba hata baada ya nusu hizo mbili kuunganishwa, hukumu ile ya kale imeendelea kurudiwa, na mifupa imekuwa ikitajwa mwishoni kama nyongeza.

Jicho la mtazamaji

Kanuni iliyotumika kuchora chumba hiki ndiyo iitwayo pespektivu: mistari yote inayokwenda ndani ya picha huelekezwa kwenye nukta moja, na vitu hupunguzwa ukubwa kwa kadiri ya umbali wake. Kanuni hii ilionyeshwa kwa vitendo na Filippo Brunelleschi, mjenzi wa kuba ya kanisa kuu la Florence, kabla ya mchoro huu kufanywa. Maelezo yake ya kitabuni yalikuja baadaye, katika kazi ya Leon Battista Alberti ya mwaka wa 1435. Masaccio basi hakuwa akifuata kitabu. Mistari aliyoichora kwa ncha kali juu ya lipu mbichi ingali inaonekana hadi leo, na inashuhudia jinsi alivyopima.

Wahakiki wengi wamekwisha kuionyesha nukta hiyo ya makutano: iko chini ya mguu wa msalaba, katika usawa wa jukwaa lile ambapo wafadhili wamepiga magoti, nao ni takriban usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama kanisani. Jambo hili limezungumzwa kama ufundi tu. Lakini yatupasa kuuliza: usawa huo unagawanya nini na nini? Jibu liko wazi. Juu yake kuna msalaba, watakatifu na Mungu. Chini yake kuna mifupa. Jicho la mtazamaji limewekwa hasa kwenye mpaka. Akiinua macho, anaiona dari kutoka chini, kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti cha nyumba iliyo kubwa kuliko yake. Akiyateremsha, analiona kaburi kutoka juu, kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa shimo wakati wa maziko. Sakafu ya chumba kile cha juu haionekani hata kidogo, kwa hiyo hawezi kujidhania kuwa aweza kuingia kwa miguu yake.

Hapa ndipo fani na maudhui yanapokuwa kitu kimoja. Maandishi ya kaburini yanamwambia mtazamaji mahali alipo: baina ya alivyo na atakavyokuwa. Hesabu ya mchoro inamweka mahali papo hapo kwa macho yake. Mtu asiyejua kusoma angeweza kupata habari ile ile kwa kusimama tu.

Ngazi za kina

Ukiusoma mchoro kutoka chini, utaona kuwa kila hatua ya kupanda juu ni hatua pia ya kuingia ndani. Kwanza ni mifupa, karibu na magoti ya mtazamaji; kisha wafadhili, walioko nje ya nguzo; kisha Maria na Yohana, walioko ndani ya mlango; kisha Kristo; na mwisho Baba, aliye nyuma na juu ya wote. Kichwa cha Baba kikiwa kilele, na wafadhili wakiwa pembe mbili za chini, watu wote wa sehemu ya juu wanafanya umbo la pembetatu. Orodha za ishara husema upesi kwamba pembetatu ni Utatu, na kwa kiasi fulani zasema kweli. Hata hivyo pembetatu hiyo haikujengwa kwa nafsi tatu za Mungu pekee. Pembe zake za chini ni binadamu wawili wa kawaida. Umbo linalotajwa kuwa ishara ya Mungu haliwezi kukamilika katika picha hii bila ya watu wenye kufa.

Rangi nazo zimefungamana kwa namna ya vina. Upande wa kushoto, Maria amevaa vazi la samawati iliyokoza, na mfadhili aliye chini yake amevaa jekundu. Upande wa kulia, Yohana yuko katika jekundu, na mwanamke aliye chini yake yuko katika vazi la giza. Kwa hivyo rangi zinapishana mshazari: ya ndani kushoto yajibiwa na ya nje kulia, na ya ndani kulia yajibiwa na ya nje kushoto. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatashangazwa na mbinu hii, maana ameona mara nyingi jinsi kina cha kati kinavyohamishwa kuwa kina cha mwisho katika kituo, ili sauti mbili zilizokuwa zimetengana zifunganishwe. Kazi ya upishano huu katika mchoro ni hiyo hiyo. Nguzo zinawatenga walio nje na walio ndani, lakini rangi zinavuka nguzo.

Baba asiyepimika

Lipo jambo moja ambalo wasifu wa hesabu wamelihesabu kuwa kosa. Miguu ya Baba imesimama juu ya ubao ulioonyeshwa kama umejengwa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba, lakini mikono yake inaushika msalaba ulio mbele. Tukikipima chumba kwa kanuni ile ile iliyokijenga, umbali huo ni mkubwa kuliko mwili wa mtu unavyoweza kuufikia. Aidha, mwili wa Baba haukufupishwa kama inavyopasa kitu kinachotazamwa kutoka chini. Anaonekana kana kwamba mtazamaji yuko usawa naye.

Wengine wamesema kuwa Masaccio alikuwa kijana na kanuni ilikuwa mpya, kwa hiyo aliteleza. Hoja hii ni dhaifu. Fundi aliyeipima miraba ya dari kwa uangalifu kiasi hicho, na ambaye hata uso wa Maria aliuchorea mistari ya vipimo kabla ya kuupaka rangi, hawezi kudhaniwa kuwa alisahau kupima katikati ya picha yake. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba kanuni imetumika kwa kadiri ya kila kiumbe. Jengo, ambalo ni kazi ya mikono ya binadamu, linaitii kikamilifu. Watakatifu wanaitii kwa kiasi. Baba haitii. Katika mapokeo ya michoro ya Ulaya, Baba amshikaye Mwana msalabani alizoeleka kuonyeshwa ameketi katika kiti cha enzi. Masaccio amekiondoa kiti, akamsimamisha kwa miguu kama mtu anayebeba mzigo. Matokeo yake ni Mungu aliye mzito kama mwanadamu, ambaye hata hivyo hakuna ajuaye hasa amesimama wapi. Fumbo la imani halikuelezwa kwa mawingu wala kwa nuru, bali kwa kipimo kinachokataa kutimia mahali pamoja tu.

Mkono wa Maria

Katika watu wote wa picha, ni mmoja tu anayemtazama mtazamaji, naye ni Maria. Yohana ameikunja mikono yake, amezama katika majonzi. Wafadhili wanatazamana kwa ubavu, kila mmoja akiomba. Maria hamtazami mwanawe. Uso wake si wa kijana, wala hauna urembo ambao wachoraji wengi walimpa. Ni uso wa mwanamke mzee aliyekwisha kulia. Mkono wake wa kulia umefunguliwa kuelekea msalabani.

Baadhi ya wahakiki wameuona uso huo kuwa mkavu, usio na huruma. Yamkini walitarajia mama afanye kazi ya kuomboleza. Lakini katika utunzi huu kazi yake ni nyingine: yeye ni msimulizi. Katika tamthilia angekuwa yule mhusika anayegeuka na kuikabili hadhira wakati wengine wamo ndani ya mchezo. Bila yeye, mambo ya chumba kile yangebaki kuwa ya walio ndani. Kwa mkono mmoja anaifungua picha, akimtaka mtazamaji atazame kule ambako yeye mwenyewe hana nguvu tena za kutazama.

Wafadhili na lugha ya kaburi

Swali la tabaka haliwezi kuepukwa. Watu hawa wawili walipataje kupiga magoti mlangoni pa Mungu? Walipata kwa fedha. Florence ya wakati huo ilikuwa mji wa wafanyabiashara wa sufu na wenye mabenki, na haki ya kuzikwa kanisani na kuchorwa ukutani ilikuwa haki ya wenye nazo. Tena, katika michoro mingi ya nyuma, mfadhili alichorwa kama kijimtu kidogo miguuni pa watakatifu. Masaccio amewachora hawa kwa ukubwa wa watu wa kweli, sawa na Maria na Yohana. Mhakiki anayetazama sehemu ya juu peke yake ana haki ya kushuku kwamba hapa mali imenunua kimo, na kwamba heshima mpya ya binadamu inayosifiwa katika zama hizo za Mwamko wa sanaa na elimu ilikuwa heshima ya wenye mikoba.

Shaka hiyo si ya kupuuzwa, lakini kaburi linaijibu. Mifupa haina vazi jekundu wala la giza. Haijulikani kama ni ya mwanamume au mwanamke, ya tajiri au maskini. Wahakiki wengine wameiona kuwa ni ya Adamu, kwa sababu mapokeo ya kale yanasema kuwa Kristo alisulubiwa juu ya kaburi la mtu wa kwanza, nao mwamba ulio chini ya msalaba unawaunga mkono. Kama ni Adamu, basi ni mifupa ya kila mtu, na kama si Adamu, jibu halibadiliki. Wafadhili wamepiga magoti juu yake moja kwa moja, na magoti yao hayako mbali nayo. Zaidi ya hayo, watu hawa waliolipa ili wakumbukwe, leo majina yao hayana hakika. Familia za Lenzi na Berti zimetajwa, na kila dai lina watetezi wake. Mchoro umewahifadhi nyuso zao na kuyapoteza majina.

Jambo la mwisho linalohusu kaburi ni lugha yake. Maandishi yale hayakuandikwa kwa Kilatini, lugha ya ibada na ya wanazuoni, bali kwa Kiitaliano cha watu wa Florence, lugha ambayo Dante alikuwa ameitungia utenzi wake mkuu zaidi ya miaka mia moja kabla. Mwaka wa 1436 Alberti naye alikitoa kitabu chake kwa lugha hiyo, akikitanguliza kwa barua kwa Brunelleschi ambamo Masaccio anatajwa. Uamuzi huu ni sehemu ya utunzi. Fumbo la juu linaweza kujadiliwa na wanazuoni kwa lugha yao, lakini habari ya kifo inamhusu muuza mboga na mfumaji, na haingekuwa habari kama wasingeielewa. Mchoro uliojengwa kuanzia jicho la mtazamaji ulipaswa kusema kwa ulimi wa mtazamaji.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Utatu Mtakatifu wa Masaccio hauwezi kusomwa kama zoezi la hesabu lililovikwa dini, wala kama orodha ya ishara iliyopambwa kwa hesabu. Mahali pa jicho, mwendo wa kina, upishano wa rangi, kipimo kinachomkosa Baba, mkono wa Maria na lugha ya kaburi, yote yanafanya kazi moja: yanamweka binadamu baina ya mifupa yake na tumaini lake, kisha yanamwacha hapo aamue. Asiyeiamini imani iliyouzaa mchoro huu hawezi kushurutishwa kulikubali jibu la juu. Swali la chini ni lake hata hivyo.

Kwa uhakiki kwa jumla, historia ya mchoro huu ina funzo. Vasari aliyeusifu ndiye aliyeuficha, na wale walioufichua waliutenga na kaburi lake bila ya kujua. Kazi ya sanaa hupunguzwa si na wanaoidharau tu, bali pia na wanaoipenda kwa sehemu. Mhakiki anayeanza na dari atasifu dari. Masaccio alianzisha picha yake kwenye jeneza, na ni haki yake kusomwa kuanzia hapo.